Tuisheni, madrasa na kambi: namna ya kumlinda mtoto akiwa nje ya shule

Mtoto wa darasa la nne pale Chikongola au Mingoyo akitoka shule mchana, siku yake bado ndefu. Kuna madrasa, kuna tuisheni, kuna mazoezi ya mpira, na Jumamosi mafundisho ya komunyo. Shuleni kuna mkuu wa shule, kamati na daftari la mahudhurio. Kwenye tuisheni ya sebuleni kuna mwalimu, ubao na imani ya mzazi, basi. Mwongozo huu ni kwa anayeendesha sehemu ya namna hiyo Mtwara au Lindi, awe mwalimu, ustadhi, katekista au kocha. Mzazi naye anaweza kuuchukua akaenda nao kukagua.

Wengi huanza kwa kuuliza kama mwalimu ni mtu mwema. Swali hilo halina jibu la uhakika, maana anayedhuru watoto mara nyingi ndiye anayesifiwa mtaa mzima kwa upole na kujitolea. Anza na mlango na saa. Ni wapi hapa mtoto anaweza kukaa na mtu mzima bila kuonekana? Na ni dakika zipi, tangu anatoka nyumbani hadi anarudi, ambazo hakuna anayejua alipo?

Kagua jengo kabla ya kuita wanafunzi

Chumba cha kufundishia kiwe wazi muda wote wa somo. Kama kuna pazia mlangoni, lifunge fundo juu. Komeo la ndani ling'oe kabisa, usiseme tu kwamba halitatumika. Dirisha linalotazama barazani au barabarani lisizibwe kwa kanga wala mabango. Kisha toka nje, simama anapopita muuza samaki, utazame ndani: unatakiwa uone nyuso za watoto na mikono ya anayefundisha. Kama kuna kona usiyoiona, hamisha ubao au meza mpaka uione. Chumba cha kulala, stoo na ofisi ndogo ya nyuma visiingiwe na mtoto kwa sababu yoyote, hata kutumwa chaki.

Moto unasahaulika sana. Nyumba nyingi za mjini zina mlango mmoja na madirisha yenye nondo zilizochomelewa, na jiko la mkaa au mtungi wa gesi uko koridoni, palepale kwenye njia ya kutokea. Moto ukianzia hapo, chumba chenye watoto 30 hakina pa kutokea. Mwite fundi wa kuchomelea akate grili ya dirisha moja, aitie bawaba ifunguke kwa nje, na ufunguo uning'inie ndani kwenye msumari pembeni, mahali mtu mzima anapofika bila kupanda kitu. Jiko na gesi vihame. Mlango ufungukie nje, na kati ya mabenchi paachwe njia ya sentimita 90.

Idadi nayo ipimwe. Chumba cha mita 4 kwa 5 kisizidi watoto 20, yaani mita moja ya mraba kwa kila mmoja, na hapo tayari wamebanana. Tunajua ada ya watoto 40 ni tamu kuliko ya 20. Gawa zamu mbili. Kila muhula fanya zoezi la kutoka: gonga kengele bila taarifa, watoto watoke, wahesabiwe chini ya mti mmoja uliokubaliwa. Wote wawe nje ndani ya dakika moja. Ikizidi, angalia kilichowakwamisha, na kwa kawaida ni mabegi yaliyotupwa njiani au benchi lililosogezwa. Andika ukutani namba 114 ya Zimamoto na 112 ya polisi.

Umeme ukikatika usiku, dakika tano za kwanza ndizo za kuogopwa: watoto wanasukumana, wengine wanatoka nje, na mwenye nia mbaya ana giza la kumficha. Kila chumba kiwe na taa ya chaji iliyojaa, na kanuni moja ambayo hata mtoto wa miaka sita anaijua: taa ikizimika, kila mtu anakaa chini alipo. Kibatari na mshumaa visiwashwe kwenye chumba chenye watoto.

Choo cha nyuma ya nyumba kinachotumiwa pia na wapangaji ni mahali pa hatari kuliko darasa lenyewe. Wadogo waende wawili wawili, na mtu mzima akae pale anapoiona njia yote ya kwenda na kurudi. Komeo la ndani liwekwe chini, usawa wa mkono wa mtoto. Kwa hesabu ya matundu fuata kipimo cha shule, tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, na cha wasichana kiwe na maji na ndoo yenye mfuniko.

Uani tazama mambo matatu. Kisima kiwe na mfuniko ambao mtoto hawezi kuuinua peke yake, na shimo la choo cha zamani lifukiwe. Darasa lisiwekwe chini ya mnazi, maana nazi au kuti kavu likianguka halichagui kichwa. Chini ya mkorosho kuna kivuli kizuri, lakini miezi ya kupuliza dawa ondoka hapo: vumbi la salfa linawasha macho na kubana kifua, na mwenye pumu anaweza kuzidiwa akiwa palepale darasani.

Panga saa kwa kutazama jua

Huku kwetu Juni jua linatua dakika chache tu baada ya saa 12 jioni. Desemba linachelewa kwa karibu nusu saa. Somo la mchana liishe saa 11 jioni, ili hata mwenye mwendo wa nusu saa afike kwao kungali mwanga. Madrasa ya baina ya magharibi na isha ibaki kwa watoto wa jirani wanaosindikizwa. Wadogo na wanaovuka barabara kuu wahamishiwe zamu ya alasiri. Masomo ya alfajiri kabla hakujapambazuka, yale ya madarasa ya mtihani, yaache. Faida yake ndogo, na njia wakati ule haina watu.

Kuna msimu wa kuongeza macho. Kuanzia Oktoba hadi Januari korosho zinaokotwa na kuuzwa, wazazi wengi wako shamba, na mtoto amebaki na bibi au na dada yake wa miaka 14. Simu za wazazi hazipatikani, na fedha zipo mitaani, pamoja na wanaume wanaowanunulia wasichana chipsi na kuwapa lifti. Mwanzoni mwa Oktoba piga upya kila namba iliyo kwenye daftari, uulize nani hasa analala na mtoto usiku.

Likizo za Juni na Desemba ni za jando na unyago. Mwali akirudi darasani, wapo watu wazima wanaomwona tayari ni mwanamke. Waambie wasaidizi wako waziwazi: chini ya miaka 18 ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, awe amechezwa au hajachezwa. Kulala naye ni ubakaji hata akisema alikubali, na adhabu yake inaanzia miaka 30 jela. Kwa mwanafunzi, kumpa mimba au kumuoa nako ni miaka 30.

Unayemleta karibu na watoto

Usikague mwalimu peke yake. Kuna mlinzi, kijana anayeuza barafu mlangoni, dereva wa bajaji, na wale waliomaliza kidato cha nne wanaosubiri matokeo na kujitolea kufundisha. Wote wapitie hatua zilezile.

1. Nakala ya kitambulisho cha NIDA na picha ndogo, vibaki kwako.
2. Barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa au kijiji. Barua hii inathibitisha makazi, tabia haiithibitishi, kwa hiyo nenda ukaongee na mjumbe mwenyewe.
3. Alipofundisha mwanzo. Namba ya huko itafute mwenyewe, usitumie aliyokupa. Uliza hivi: "Akija leo kuomba kurudi, mtampokea?" Ukisikia mtu anasita, endelea kuuliza mpaka uelewe kwa nini.
4. Kwa atakayelala kambini na watoto, cheti cha polisi cha tabia njema chenye alama za vidole.
5. Mwezi wa kwanza asiachwe peke yake na darasa. Hatua hii huvunjwa kuliko zote, siku mwalimu mwenye zamu anapoumwa. Siku hiyo ahirisha kipindi.

Cheti safi kina mpaka wake: kinaonyesha kwamba hakukutwa na hatia. Kesi nyingi za watoto humalizwa nyumbani na hazifiki mahakamani.

Andika kanuni za kazi kwenye ukurasa mmoja, kila mmoja atie saini, na nakala ibandikwe mzazi anapoiona. Tunazoona hazikwepeki ni hizi. Hakuna mtu mzima na mtoto mmoja mahali pasipoonekana. Mwenye kuhitaji msaada wa ziada asaidiwe barazani au mlango ukiwa wazi na mwenzake akiwepo. Hakuna kumtuma mtoto chumbani kwa mwalimu, kumfulia, kumtekea maji wala kumlimia, hata kama ada imechelewa. Hakuna zawadi kwa mtoto mmoja kwa siri. Vocha, hela ya chipsi na "wewe usilipe, tutaelewana" ndiyo njia ya kawaida ya kumzoesha mtoto kutunza siri. Hakuna kuwasiliana na mtoto faragha kwa WhatsApp au kwa simu ya kawaida. Ujumbe uende kwa mzazi au kwenye kundi lenye wazazi. Picha za watoto zisiwekwe kwenye statasi bila idhini ya mzazi kwa maandishi, na hata idhini ikiwepo, jina, sare na mahali visionekane pamoja. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na taarifa za mtoto zimo humo.

Kuhusu fimbo: kanuni za elimu za Tanzania zinaruhusu viboko shuleni kwa masharti, visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au aliyemteua kwa maandishi, na viandikwe kwenye daftari. Mwalimu wa tuisheni, ustadhi na kocha hawamo humo. Mzazi akikwambia "mchape tu, nimekuruhusu", ruhusa yake haikukingi mtoto akiumia. Vivyo hivyo kupiga magoti juani, kuruka kichura na kunyimwa maji. Mtoto msumbufu abadilishiwe kiti, aitiwe mzazi, na ikishindikana arudishwe nyumbani akiwa mkononi mwa mtu, asifukuzwe njiani.

Ukipokea watoto wa chini ya miaka mitano kutwa nzima, hicho si kituo cha tuisheni tena. Ni kituo cha kulelea watoto wadogo mchana, na usajili wake unapitia kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Nenda ukajisajili kabla hujaendelea.

Daftari mbili

Daftari la kwanza ni la taarifa: jina, umri, shule, njia anayopita kwenda kwao, magonjwa (pumu, kifafa, selimundu, dawa anazotumia) na majina ya wanaoruhusiwa kumchukua. Weka nafasi ya namba tatu za simu, si moja. Kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, mwenye kauli juu ya mtoto anaweza kuwa mjomba kuliko baba, na anayekaa naye ni bibi. Kwa hiyo namba ya mama, ya mjomba na ya anayelala naye nyumba moja zote ziwepo.

La pili ni la mahudhurio, lenye saa ya kuingia na saa ya kutoka. Vituo vingi huweka alama ya vema tu, na alama hiyo haikwambii kitu mtoto akipotea saa 11 jioni. Mtoto wa kila siku akichelewa dakika 15 bila taarifa, mzazi apelekewe ujumbe mfupi: "Mama Zuhura, shikamoo. Zuhura hajafika tuisheni hadi saa 9:15. Yuko nyumbani?" Ujumbe mmoja unafunga mianya miwili, wa anayedhurika njiani na wa anayeaga kwenda tuisheni kumbe anakwenda kwingine.

Anayekuja kuchukua mtoto na jina lake halimo, hata akiwa mjomba kweli na mtoto anamchangamkia, asubiri simu ipigwe. Wapo watakaokasirika. Mwombe radhi, mpe kiti, endelea kupiga.

Njiani

Wanaokwenda kwa miguu wapange kwa makundi ya njia moja, wakubwa wakiwa mbele na nyuma. Mshikaki wa watoto wanne kwenye bodaboda moja tunauona kila siku. Kituo kisiukubali, hata kama dereva kalipwa na mzazi. Anayebeba mtoto awe mmoja anayejulikana, jina na namba ya pikipiki viwe kwenye daftari, abebe mmoja, wote wawe na kofia ngumu. Kwa bajaji, msichana asiwe wa mwisho kushushwa akiwa peke yake na dereva. Badilisheni mzunguko ili wa mwisho wawe wawili.

Makocha wanaofanyia mazoezi ufukweni, kama Shangani ya Mtwara, wana kazi moja zaidi: kuhesabu watoto kabla ya kuingia majini, kila robo saa wakiwa majini, na baada ya kutoka. Wakati wa bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mpevu na mwandamo, maji yanakuja kwa kasi kuliko mtoto anavyofikiri. Asiyejua kuogelea asipite magoti.

Kambi za kulala

Kambi za mitihani na za dini ndipo kila kanuni ya juu inapojaribiwa, kwa sababu usiku mlango hufungwa. Kama huwezi kutimiza yanayofuata, watoto warudi kulala kwao.

Wasichana na wavulana walale majengo tofauti, si vyumba tofauti vya koridoni moja. Walezi wawili wa kike walale na wasichana, mmoja karibu na mlango, na ufunguo uwe kwake. Mwanaume asiingie humo tangu saa 3 usiku, na ikitokea dharura waingie watu wazima wawili. Watoto wahesabiwe kwa majina saa 3 usiku na tena wakiamka, mhesabuji atie saini. Njia ya choo iwe na taa usiku kucha. Wasichana wengi huvumilia mkojo hadi asubuhi kwa kuogopa giza, na hilo peke yake linakwambia njia ile wanaionaje. Kila mtoto chandarua, kila mtoto kitanda au mkeka wake. Wavulana wakubwa wasichanganywe na wadogo: kulawitiwa na mwenzake mkubwa ni jambo linalotokea, na watu wazima hawapendi kulisikia.

Hakuna kusahihishiwa daftari usiku nyumbani kwa mwalimu. Hakuna mgeni anayekuja "kumsalimia" mtoto baada ya magharibi. Idhini ya mzazi iwe kwa maandishi, itaje siku ya kuanza na ya kumaliza, na mtendaji wa kijiji au mtaa ajulishwe kwamba kambi ipo.

Mtoto akisema, au ukishuku

Dalili hazisemi wazi. Mtoto aliyekuwa akipenda kuja anaanza kuumwa tumbo kila siku ya somo fulani. Anakojoa kitandani upya. Ana hela au simu isiyoeleweka. Anakaa kwa upande. Anashtuka akitajiwa jina la mtu. Dalili moja inaweza kuwa na sababu nyingine kabisa. Ziandike na tarehe, na usimhoji mbele za watu.

Akikufungukia, keti usawa wake, sikiliza hadi mwisho. Mwambie: "Umefanya vizuri kuniambia. Hujakosea. Nitawaambia watu ambao kazi yao ni kusaidia." Usiahidi siri, maana utaivunja naye ataona umemsaliti. Usimwulize "ni ustadhi fulani, eti?" Swali lenye jibu ndani yake linaharibu ushahidi. Maswali mawili yanatosha: nini kimetokea, na lini. Kisha andika maneno yake kama alivyoyatamka, hata kama ni ya kitoto au ya matusi, weka saa, tarehe na saini. Usimwite mtuhumiwa kumsikiliza upande wake. Ukifanya hivyo unampa nafasi ya kutoroka, au ya kumfuata mtoto.

Kama ni kubakwa au kulawitiwa na ni siku chache zilizopita, saa zinahesabika. Mtoto asiogeshwe, nguo zisifuliwe. Ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu ndani ya nailoni zinapata unyevu na kuoza. Dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU inapaswa kuanza ndani ya saa 72, mapema kadiri iwezekanavyo, na hunywewa siku 28. Dawa ya kuzuia mimba kwa msichana aliyevunja ungo nayo itolewe mapema, isizidi siku tano. Mtwara mjini kuna Hospitali ya Rufaa ya Ligula, Lindi kuna Sokoine. Kwingine anza na kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Ulizia kama wana Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii wanakutana na mtoto mahali pamoja, asirudie maelezo yake mara nne. Fomu ya polisi, PF3, inahitajika kwa kesi, lakini tiba ya dharura haiisubiri. Hospitali ikiwa karibu kuliko polisi, tangulia huko.

Taarifa itolewe siku hiyohiyo: Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, au ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au mtendaji wa mtaa au kijiji mwenye kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto. Ukiwa mbali na vyote, piga 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto. Sheria ya Mtoto inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa ya mtoto kudhulumiwa aitoe, kwa hiyo usisubiri uhakika. Kuthibitisha ni kazi ya wengine.

Jiandae kwa kikao cha wazee. Kitaitishwa haraka, wakati mwingine kabla polisi hawajafika: familia mbili, pengine sheikh au mchungaji, kuna fedha mezani, na maneno ya "tusiaibishane, sisi ni ndugu". Kosa hilo halifutwi kwa fidia, na mhusika akishalipa anahamia Masasi au Nachingwea kufungua darasa jipya. Mwenye kituo asihudhurie, wala asitoe jengo lake. Akiulizwa sababu, aseme taarifa iko polisi, yeye hana tena la kuamua.

Mtuhumiwa asimamishwe siku hiyo bila kutangazwa kuwa ana hatia, asikanyage kituoni wala asipige simu kwa mwanafunzi yeyote. Kituo kingine kikikuuliza habari zake, sema kwamba aliondoka kukiwa na taarifa iliyopelekwa polisi, uishie hapo. Wazazi wengine waambiwe kuna jambo linashughulikiwa na vyombo husika, bila jina la mtoto. Mtaa utalitafuta jina hilo kwa bidii, na wasaidizi wako ndio watakaobanwa zaidi, hivyo wajue wawili tu. Maelezo uliyoandika yafungiwe kabatini, ufunguo ukae kwa mtu mmoja. Mtoto akitaka kurudi darasani, mwulize yeye na mlezi wake akae wapi na aje saa ngapi, na mtu wa kumpokea mlangoni awepo kabla hajafika.